Mswada wa Fedha na kontrakta aliyejiajiri: nitazame nini kabla ya kutoa bei?

Nyundo na Kalamu

Wadau, salaam. Swali hili ni la wanaofanya kandarasi hapa Kenya kwa jina na PIN (namba ya mlipa kodi) zao wenyewe: wanaochukua kazi za ujenzi na ukarabati, wachoraji ramani, wapimaji, watu wa mifumo ya kompyuta. Mauzo ya mwaka tuseme ni kati ya Sh3 milioni na Sh6 milioni.

Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni masikio hayapumziki. Upande wa serikali unaapa hakuna kodi mpya, upinzani unasema mwananchi anakamuliwa, halafu sheria inayotiwa saini haifanani na ile iliyogombaniwa. Wakati huohuo kazi ya miezi minane inatolewa bei Machi na kukabidhiwa Novemba, na Julai mosi, siku ambayo kodi mpya nyingi huanza, iko katikati.

Naomba msaada kwa haya:

1. Ili kujua mapema kitakachomgusa kontrakta mdogo, asikilize chama gani, au asome nini, na lini?
2. Ni makato gani hasa yanayobadilika kwa siasa, na yanamla kiasi gani kwenye kazi moja?
3. Mkataba uandikwe vipi ili kodi ikibadilika katikati ya kazi asiibebe peke yake?

Mjadala wa nani mwizi tuuache. Nataka hesabu.

---

BaruaYaBunge

Nitajibu la kwanza, wengine wamalizie.

Rangi ya chama haikusaidii kutabiri kodi. Chukua TOT, ile kodi ya mauzo ghafi ya wafanyabiashara wadogo. Serikali ya Jubilee iliishusha kutoka 3% hadi 1% Aprili 2020, wakati wa korona. Kenya Kwanza, walioingia kwa wimbo wa mahasla, wakairudisha 3% Julai 2023. Ushuru wa nyumba wa 1.5% uliingizwa na Sheria ya Fedha ya 2018, ukakwama mahakamani, ukarudi 2023 chini ya serikali nyingine. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilianza kwa 8% mwaka 2018, ikapanda hadi 16% mwaka 2023. Ukitaka kushangaa zaidi, John Mbadi aliyekuwa mwenyekiti wa ODM ndiye aliyekabidhiwa Wizara ya Fedha Agosti 2024, kwa hiyo sauti iliyokuwa ikipinga bajeti ndiyo sasa inayoiandaa.

Angalia miaka badala ya vyama: 2018 na 2023. Yote miwili ni mwaka unaofuata uchaguzi mkuu. Mbunge aliyechaguliwa juzi ana miaka minne ya kusamehewa. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, kwa hiyo mswada wa mwaka huo utajadiliwa wabunge wakiwa kwenye kampeni, na mimi sitarajii waguse viwango vinavyoonekana kwa macho. Ningeogopa zaidi ule wa 2028. Mwenye mkataba wa miaka mingi auandike akijua hivyo.

Kalenda yenyewe ni hii. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka Mswada wa Fedha ufike bungeni kufikia 30 Aprili na upitishwe kwa wakati wa kutiwa saini kufikia 30 Juni. Mei, Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa hupokea maoni kwa maandishi. Juni, kamati hutoa ripoti yenye marekebisho inayopendekeza. Hiyo ripoti ndiyo ya kusoma. Hotuba ya bajeti inapendeza kusikiliza, lakini kazi ya kukata na kuongeza hufanyika kwenye kamati.

Na kuna jambo watu hawalioni: mara nyingi kinachojadiliwa ni vizingiti, siyo kiwango. Mwaka 2023 mswada ulitaka TOT ya 3% kwa mauzo kati ya Sh500,000 na Sh15 milioni. Sheria iliyopitishwa ikasema Sh1 milioni hadi Sh25 milioni. Wadogo kabisa wakapona, waliokuwa kati ya milioni 15 na 25 wakabaki ndani ya TOT, ile 3% haikuguswa. Watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni walitishiwa zuio (kodi inayokatwa na anayekulipa) la 15%, wakaishia 5%. Ushuru wa nyumba ulishuka kutoka 3% hadi 1.5%. Kwa hiyo ukiona mswada mwezi wa tano usianze kubadilisha bei zote. Weka alama kwenye vifungu vinavyokuhusu na usubiri ripoti.

Mahakama nayo ni sehemu ya siasa hizi, utake usitake. Kodi ya kima cha chini, 1% ya mauzo hata ukipata hasara, iliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2020 na ikaangushwa na Mahakama Kuu Septemba 2021. Sheria ya Fedha ya 2023 yote nzima ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa 31 Julai 2024. Agosti hiyohiyo Mahakama ya Upeo ikasimamisha uamuzi huo, na 29 Oktoba ikaupindua. Mtu aliyekimbilia kushusha TOT yake hadi 1% kwa sababu ya vichwa vya habari vya 31 Julai angejikuta na deni la tofauti, adhabu na riba. Kesi ikiwa bado ina ngazi ya rufaa, endelea kulipa kiwango kilichopo na hifadhi risiti.

---

Debe Haliishi

Barua, umesahau 2024. Mswada uliondolewa, tukasherehekea.

---

BaruaYaBunge

Sijasahau, Debe. Ulipita bungeni 25 Juni 2024 kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Lakini mswada ni kapu moja. Ndani ya kapu lile kulikuwa na pendekezo la kupandisha kizingiti cha kujisajili VAT kutoka Sh5 milioni hadi Sh8 milioni. Hilo lingewatoa makontrakta wengi wadogo kwenye VAT, na likatupwa pamoja na mengine.

Kisha Desemba zikaja sheria za marekebisho ya kodi, zikaanza kazi 27 Desemba 2024, wakati mafundi wengi wamefunga vifaa wako mashambani. Humo ndimo lilimoingia zuio la 0.5% kwa bidhaa zinazouziwa taasisi za umma na mkazi wa Kenya. Sheria ya Fedha ya 2025 nayo haikupandisha viwango vikuu. Kazi ilihamia kwenye usimamizi. Hata pendekezo la kuipa KRA, mamlaka ya mapato, mlango wa kuingia kwenye data za wateja lilitolewa na kamati. Somo kwa kontrakta: tarehe ya kuanza kazi kwa kodi si lazima iwe Julai mosi. Ushuru wa nyumba ulianza upya 19 Machi 2024. Sharti la eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA) kwenye gharama lilikuwa ndani ya Sheria ya Fedha ya 2023 lakini likaanza kuuma 1 Januari 2024. Kila Sheria ya Fedha hutaja tarehe mwanzoni kabisa, na vifungu vya sheria moja vinaweza kuanza siku tofauti.

---

Mama Leja

Mimi nachukua swali la pili. Tuanze na kazi moja ya ujenzi ya Sh1,000,000 kabla ya VAT, kontrakta amesajiliwa VAT, mteja ni kampuni iliyoteuliwa na KRA kuzuia VAT.

Ankara inasomeka Sh1,160,000. Mteja anazuia 3% ya milioni moja, Sh30,000, kwa sababu ni kazi ya ujenzi, uhandisi au miundombinu. Anazuia tena 2% ya thamani ileile kwa upande wa VAT, Sh20,000. Benki inapokea Sh1,110,000.

Vifaa vilinunuliwa kwa Sh600,000 na VAT ya Sh96,000, risiti zote za eTIMS zenye PIN ya kontrakta. VAT ya mauzo 160,000, toa 96,000, inabaki 64,000. Toa zile 20,000 zilizozuiwa, analipa Sh44,000 kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zile 30,000 ni malipo ya mapema ya kodi ya mapato, anazidai kwenye ritani ya mwaka. Si gharama, na usiziingize kwenye bei kama gharama. Ila ni pesa zilizo nje ya mfuko wako kwa miezi, na ukifanya kazi kumi hivyo utaelewa kwa nini watu wananunua saruji kwa mkopo huku wakiwa na faida kwenye karatasi.

Kazi ikiwa ya ushauri, uchoraji, upimaji au programu za kompyuta, zuio ni 5% badala ya 3%. Wateja wengi huchanganya haya mawili. Andika kwenye ankara aina ya kazi kwa maneno ya wazi, na kama kazi ina sehemu mbili, michoro na ujenzi, zitenganishe kwenye mistari miwili. Malipo yakiwa chini ya Sh24,000 kwa mwezi hakuna zuio.

Panapoharibika zaidi ni kwenye cheti cha zuio. Mteja anatakiwa kuwasilisha alichozuia ndani ya siku tano za kazi, ndipo cheti kionekane kwenye akaunti yako ya iTax (tovuti ya kodi ya KRA). Kuna wanaozuia na kukaa nazo, kuna wanaokosea herufi moja ya PIN, kuna wanaoandika mwaka usio sahihi. Usingoje 30 Juni. Kila malipo yakiingia, hesabu wiki mbili, fungua iTax, linganisha vyeti na taarifa ya benki. Kisichoonekana, mwandikie mteja barua pepe siku hiyohiyo ukitaja namba ya ankara na tarehe ya malipo. Bila cheti huna cha kudai.

Sasa TOT, maana ndiyo inayopigiwa siasa. Kontrakta wa ujenzi ana mauzo ya Sh4 milioni kwa mwaka. TOT ya 3% ni Sh120,000, inalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20, hakuna kutoa gharama. Akiamua kodi ya kawaida ya mapato: Sh288,000 za kwanza za faida zinatozwa 10%, yaani 28,800, na nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 inazifuta. Sh100,000 zinazofuata zinatozwa 25%. Kuanzia hapo ni 30% hadi faida ifike Sh6 milioni. Ili kodi hiyo nayo ifike Sh120,000, faida lazima iwe karibu Sh704,700. Hiyo ni kama 17.6% ya mauzo.

Maana yake ni hii: ukibakiza zaidi ya senti 18 kwa kila shilingi, TOT ni nafuu kwako. Ukibakiza kumi au kumi na mbili, kama ilivyo kwa kazi nyingi ambazo kontrakta ndiye ananunua vifaa, TOT inakuumiza, na afadhali uiandikie KRA kwamba unataka kodi ya kawaida kisha utunze vitabu. Ndiyo sababu 1% ilipogeuka 3% haikuwagusa watu sawasawa. Fundi wa kazi tupu, anayelipwa nguvukazi pekee huku mteja akinunua vifaa, hata 3% ni nafuu kwake. Mwenye kununua mabati na nondo ndiye aliyelia.

Juu ya hapo weka ushuru wa nyumba. Tangu Machi 2024 haumhusu mwajiriwa pekee. Sheria imetaja 1.5% ya pato ghafi, inayolipwa kufikia siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kuisha. Kwa mauzo ya Sh4 milioni ni Sh60,000. Jumlisha na TOT, Sh180,000. Kama faida halisi ilikuwa Sh600,000, umetoa 30% yake, na hujafika kwenye SHIF (mchango wa bima ya afya) ya 2.75%. Kwa aliyejiajiri SHIF hukadiriwa kwa tathmini ya uwezo wa kaya na kulipwa kwa mwaka mzima, kima cha chini Sh300 kwa mwezi. Kwa walio kwenye kodi ya kawaida, ushuru wa nyumba na SHIF vinaondolewa kwenye pato kabla ya kupiga kodi tangu 27 Desemba 2024. Walio kwenye TOT hawana pa kuviondolea.

---

Debe Haliishi

Basi hapo jibu ni rahisi. Kila mtu ajisajili TOT, awe fundi au mshauri, mambo yaishe. 3% afadhali kuliko 30%.

---

Mama Leja

Ndugu Debe, hapana. Ada za usimamizi, za kitaalamu na za mafunzo haziruhusiwi kwenye TOT. Mchoraji ramani, mshauri wa mifumo, mhasibu wa kujitegemea, hao wako kwenye kodi ya kawaida hata wakitengeneza milioni mbili. Na TOT haikutoi kwenye VAT. Mauzo yanayotozwa VAT yakifika Sh5 milioni ndani ya miezi 12, au ukitarajia yafike, unajisajili ndani ya siku 30. Kwa hiyo kati ya milioni 5 na milioni 25 mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Hapo kwenye milioni tano pana mtego wa kazi moja kubwa. Una mauzo ya Sh3.5 milioni, unapata tenda ya Sh1.8 milioni, tayari umevuka. Kama ile tenda uliitolea bei bila kutaja VAT, 16% inatoka kwenye jasho lako. Na usigawe kazi kwenye PIN ya mke au ya ndugu ili kubaki chini. Kazi moja, eneo moja, mteja mmoja, ankara za watu wawili: hiyo ndiyo ya kwanza kuonwa.

Kujisajili VAT kwa hiari kabla ya kufika kizingiti kuna maana kama wateja wako ni kampuni zilizosajiliwa, kwa kuwa wao wanadai VAT hiyo na wewe unadai ya vifaa. Kama wateja wako ni wenye nyumba za kuishi, umejipandishia bei kwa 16% mbele ya mshindani ambaye hajasajiliwa.

---

Fundi Rula

Mama Leja, ahsante kwa hesabu. Kwenye kazi yako ya milioni moja hukutaja vibarua. Tuseme Sh150,000 zimelipwa kwa fundi wa mawe, wasaidizi na wa kuchanganya zege. Hao hawana eTIMS. Inakuwaje?

---

Mama Leja

Swali zuri, maana siasa ya eTIMS iliishia hapo hasa. Kwa aliye kwenye kodi ya kawaida, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki. Sh150,000 zikikataliwa, kwa kiwango cha 30% umeongeza kodi ya Sh45,000 kwa pesa ambazo umeshazitoa.

Milango ni miwili. Wa kwanza ni mishahara: malipo kwa waajiriwa hayahitaji eTIMS. Lakini yawe mishahara kweli. Karatasi ya malipo ya kila wiki yenye jina, namba ya kitambulisho, PIN, siku alizofanya kazi, kiasi, sahihi au ujumbe wa malipo ya simu. Ukimwita mwajiriwa, makato ya mwajiriwa yanafuata: NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF, ushuru wa nyumba 1.5% kwake na 1.5% yako, na PAYE (kodi ya mshahara) kama kipato chake cha mwezi kinafika. Iweke kwenye BQ (orodha ya kazi, vifaa na bei) tangu mwanzo kama sehemu ya nguvukazi.

Wa pili ni kwa fundi anayejitegemea, aliyekubaliana nawe bei ya kazi nzima, mfano kujenga ukuta kwa mita. Marekebisho ya Desemba 2024 yanamruhusu mnunuzi kutoa ankara ya eTIMS kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Unahitaji PIN yake na idhini yake, na anathibitisha ankara hiyo kwa upande wake. Hakikisha umechukua PIN kabla hajapanda kwenye jukwaa. Akishalipwa na kuondoka, hutaipata. Na malipo yake yakifika Sh24,000 kwa mwezi kwa kazi ya ujenzi, wewe ndiye sasa wa kuzuia 3% na kuiwasilisha ndani ya siku tano. Makontrakta wengi hukumbuka wanavyozuiwa na kusahau kwamba nao ni wazuiaji.

Usichanganye milango hii kwa mtu mmoja kwenye kazi moja. Leo kibarua, kesho mkandarasi mdogo, itakugharimu ukikaguliwa.

---

Wakili wa Pembeni

Nachukua la tatu, la mkataba.

Kwanza maneno ya VAT. Mkataba ukinyamaza, mteja atasema bei ilikuwa na VAT ndani. Milioni moja ikigeuzwa hivyo, VAT ni Sh137,931 na wewe unabaki na Sh862,069. Sentensi moja inatosha: "Bei zote ni kabla ya VAT, ambayo itaongezwa kwa kiwango kinachotumika siku kodi inapostahili kulipwa." Iandike hata kama hujasajiliwa VAT, maana unaweza kuvuka kizingiti katikati ya kazi.

Pili, mabadiliko ya sheria. Mikataba ya FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi) ina kifungu hicho, na tarehe ya kupimia ni siku 28 kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni. Mkataba mdogo wa kurasa tatu unaweza kuazima wazo hilo. Mfano: "Kodi, ushuru au tozo yoyote ya lazima itakayoanza, kupanda, kushuka au kufutwa baada ya tarehe ya ofa hii, na kubadilisha gharama ya kazi iliyobaki, itaongezwa au kupunguzwa kwenye bei kwa kuonyesha hesabu." Usiache neno "kupunguzwa". Kifungu cha upande mmoja ndicho mteja anachokikata. Na neno "iliyobaki" lina kazi yake: linazuia ugomvi juu ya vifaa ulivyonunua kabla ya kodi kupanda.

Kifungu hicho kisiguse kodi ya mapato yako. TOT, kodi ya kawaida, SHIF yako, hayo ni yako na hakuna mteja wa akili timamu atakayeyabeba. Kinachobebeka ni VAT, ushuru wa bidhaa kwenye vifaa, ushuru wa forodha, na upande wa mwajiri wa tozo za vibarua. Ukitaka yote, utapewa hakuna.

Tatu, kazi za serikali na kaunti, na hapa sitaongea kwa upole. VAT inastahili kulipwa kwa tukio linalotangulia kati ya haya: kazi kufanyika, hati ya malipo kutolewa na msanifu au mshauri, ankara kutolewa, au pesa kupokelewa. Angalia mpangilio huo. Mhandisi wa kaunti akisaini hati yako ya Sh2 milioni mwezi Mei, Sh320,000 za VAT zinakungoja kabla ya tarehe 20 Juni, ukiondoa za manunuzi, hata kama kaunti italipa baada ya uchaguzi. Gavana mpya akiingia, jambo la kwanza huwa ni kamati ya kukagua madeni ya aliyemtangulia. Kontrakta anakuwa ameikopesha serikali kazi, kisha akaikopesha na kodi. Kuchelewa kulipa kuna adhabu ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi.

La kufanya: kwenye kazi za umma gawa hati za malipo ziwe ndogo na za mara kwa mara, usiruhusu mshauri arundike kazi ya miezi mitano kwenye hati moja. Panga hati isisainiwe tarehe za mwisho wa mwezi kama inaweza kusainiwa tarehe 2. Hizo siku chache zinakupa mwezi mzima wa ziada wa VAT. Na miezi sita kabla ya uchaguzi, kazi mpya ya kaunti isiyo na malipo ya awali ifikirie mara mbili.

---

Nyundo na Kalamu

Nashukuru sana. Mawili madogo: kodi ya kawaida inalipwa yote Juni? Na misamaha ya adhabu inayotangazwa, mtu aisubiri?

---

Mama Leja

Si Juni. Kodi ya mwaka ikizidi Sh40,000 unatakiwa kulipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, robo kila mara. Njia salama ni 110% ya kodi ya mwaka uliopita: kama ilikuwa Sh200,000, unapiga Sh220,000, awamu ni Sh55,000, na makadirio yanazingatia kilichozuiwa na wateja. Salio lolote hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Tarehe 30 Juni ni ya ritani tu. Ukichelewesha ritani, adhabu ya mtu binafsi ni Sh2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa.

Msamaha ni chombo cha siasa, utakuja na kwenda. Ule wa 2023 ulifuta adhabu na riba za hadi 31 Desemba 2022 kwa aliyemaliza kodi yenyewe kufikia 30 Juni 2024. Marekebisho ya Desemba 2024 yakausogeza: madeni ya hadi 31 Desemba 2023, ulipe kodi kufikia 30 Juni 2025. Unaona unavyofanya kazi? Kodi yenyewe haisamehewi. Kwa hiyo ukiwa na deni, punguza shina la deni kila unapopata, riba iache mwisho. Msamaha ukija utakukuta umebakisha kidogo, usipokuja hujapoteza kitu. Lakini ritani peleka kwa wakati hata kama huna pesa.

---

Wakili wa Pembeni

Niongeze la muda wa ofa. Ofa inayotolewa kati ya Mei na Juni ipewe siku 14, si 90 kama wengi wanavyonakili kwenye fomu za zamani. Kama mteja anataka siku 90, mpe, lakini andika juu ya ofa tarehe na maneno "kwa viwango vya kodi vya siku hii", kisha orodhesha chini vile ulivyotumia: VAT 16%, zuio 3%, ushuru wa nyumba upande wa mwajiri 1.5%. Siku sheria ikibadilika mnabishana juu ya tarakimu zilizoandikwa, na mazungumzo yanakuwa mafupi.